Kituo cha data na mtambo wa gesi: mkazi atoe maoni lini, na wapi?

Makala haya hayatangazi mradi wowote. Tunalisema hilo mwanzoni ili kesho asitokee mtu sokoni Kitale akidai kwamba kaunti imeuza mashamba kwa kampuni ya kompyuta. Tunachoeleza ni utaratibu. Siku mwekezaji akija na mpango wa kujenga kituo cha data chenye mtambo wake wa umeme wa gesi, mkazi wa Trans Nzoia au jirani yake wa Bungoma ana nafasi gani ya kusema, na maneno yake yana uzito wakati gani?

Hapo kwenye "wakati gani" ndipo wengi wetu hupoteza haki zetu. Neno lililo na nguvu kabla ya leseni kutolewa huwa lalamiko tu baada ya zege kumwagwa.

Kompyuta zinazokula umeme kama mji

Kituo cha data ni jengo lililojaa kompyuta ambazo hazizimwi usiku wala mchana. Rekodi za benki, picha unazohifadhi kwenye simu na majibu unayopata ukiuliza programu za akili mnemba, ile inayoitwa AI, hutoka katika majengo ya aina hiyo. Kompyuta za akili mnemba hula umeme mwingi kuliko za kawaida na hutoa joto jingi, kwa hiyo umeme mwingine zaidi, na mara nyingi maji, hutumika kuzipoza.

Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data vilitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wote duniani, na kwamba kiasi hicho kinaweza kuongezeka zaidi ya mara mbili kufikia 2030. Wastani huo wa dunia unaficha mengi. Nchini Ireland, nchi ndogo iliyovutia kampuni nyingi za teknolojia, vituo hivyo vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa mwaka 2023, kuliko nyumba zote za mijini.

Turudi kwetu. Mapema mwaka 2025, mahitaji ya umeme ya Kenya nzima katika saa za jioni, taa zote zikiwaka, yalipita kidogo megawati 2,300. Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kituo cha data huko Olkaria chenye thamani ya dola bilioni 1. Awamu ya kwanza ingehitaji megawati 100, na lengo la baadaye lilikuwa kufikia megawati 1,000. Mwenye kupiga hesabu ataona kwamba lengo hilo la mwisho ni zaidi ya thuluthi moja ya umeme unaotumiwa na nchi yote saa ya kilele. Mpango huo ulitegemea mvuke wa ardhini, ambao Olkaria inao. Kitale na Bungoma hatuna mvuke huo, na ndiyo maana swali la gesi linafaa kuulizwa hapa kabla halijaletwa na mtu mwingine.

Gesi ipi, na kutoka wapi?

Wawekezaji hupenda mitambo ya gesi kwa sababu husimikwa haraka, kuliko kungoja nyaya kubwa za umeme zijengwe kwa miaka, na huzalisha umeme saa zote, jua liwe limewaka au limezama. Gesi inayokusudiwa ni gesi asilia. Si ile ya mtungi tunayopikia.

Kenya haizalishi gesi asilia ya kibiashara. Tanzania inayo: ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam tangu 2004. Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano kuhusu bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Hata gesi hiyo ikifika Mombasa, kutoka huko hadi Kitale ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwekezaji yeyote wa gesi upande huu wa nchi ni jepesi sana: itafikaje? Kwa malori? Mangapi kwa siku, kupitia barabara ipi? Na malori yakikwama, mtambo utachoma nini?

Swali hilo la mwisho si la utani. Kule Muhoroni, KenGen ina mitambo ya turbini ya megawati 60 iliyohamishwa kutoka Embakasi ili kusaidia umeme wa magharibi mwa nchi, ambako nyaya za kuleta umeme zilikuwa dhaifu. Kwa Kiingereza huitwa mitambo ya gesi, lakini kinachochomwa ni mafuta. Neno "gesi" katika jina hilo linahusu hewa moto inayozungusha turbini. Mkazi anayesoma ripoti yenye neno hilo aangalie ukurasa unaotaja fueli yenyewe, na kama kuna fueli ya akiba, aangalie ni ipi.

Yaliyotokea Memphis

Katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee nchini Marekani, kampuni ya xAI ilifungua mwaka 2024 kituo kikubwa cha akili mnemba ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha vifaa vya nyumbani. Umeme wa gridi haukutosha kwa haraka iliyotakiwa, kwa hiyo turbini za gesi ziliwekwa kando ya jengo. Ziliwashwa kabla ya kibali cha hewa kutolewa. Kampuni ilisema ni za muda na hivyo hazikuhitaji kibali. Wanaharakati na wanasheria wa mazingira walipinga maelezo hayo. Kikao cha wananchi kilifanyika Aprili 2025, wakati mitambo ilikuwa imenguruma kwa miezi. Wakazi wa Boxtown, mtaa wa watu Weusi ulio jirani na viwanda vingi, walijaa ukumbini wakieleza habari za pumu na harufu. Julai mwaka huo idara ya afya ya kaunti yao ilitoa kibali cha turbini 15.

Hatuleti kisa hiki kusema kwamba idara hiyo ilikosea au haikukosea. Tunakileta kwa sababu ya mpangilio wa tarehe zake: mitambo ikatangulia, kikao kikafuata. Watu walisema, na wakasema vizuri, lakini walisema mbele ya kitu kilichokwisha kuwepo. Angalia pia kwamba jengo lilikuwa kiwanda cha zamani. Sisi nasi tuna majengo makubwa ya viwanda vilivyosimama au kupunguza kazi katika ukanda huu, yenye barabara, maji na nyaya za umeme tayari. Mwekezaji mwenye haraka huanzia huko.

Kinachotoka kwenye bomba la moshi

Gesi asilia ni safi kuliko makaa ya mawe, na ni haki kusema hivyo. Haina majivu, na moshi wake mweusi ni kidogo. Lakini turbini hutoa oksidi za nitrojeni, ambazo huwasha mapafu, na zikikutana na jua hutengeneza ozoni karibu na ardhi. Ozoni hiyo hupunguza mavuno, na maharagwe ni miongoni mwa mimea inayoathirika upesi. Katika kaunti inayojiita ghala la taifa, jambo hilo lisiachwe kwenye kiambatisho cha ripoti. Lijibiwe kwa vipimo: upepo wa hapa huelekea wapi, msimu gani, na mashamba ya nani yako upande huo. Kuna pia hewa ya ukaa inayoongeza joto duniani, na gesi inayovuja njiani kabla hata ya kuchomwa.

Kelele ni jambo jingine. Turbini na feni za kupoza hunguruma usiku kucha, na mngurumo wa chini husafiri mbali vijijini ambako hakuna kelele nyingine ya kuuficha.

Maji je? Mto Nzoia huteremka kutoka Milima ya Cherangani, ukapokea mito ya Mlima Elgon, ukapita kwetu kabla ya kufika Webuye na kuendelea hadi Ziwa Victoria. Kinachochotwa au kumwagwa Trans Nzoia kinawahusu walio Bungoma. Wakazi wa Webuye waliokuwepo kabla ya kiwanda cha karatasi kusimama mwaka 2009 wana la kusema kuhusu hewa, mabati na mto. Wana pia la kusema kuhusu mji kupoteza mishahara siku kiwanda kilipofungwa. Mambo hayo mawili yote ni ya kweli, na mkutano mzuri wa wananchi huyapa yote nafasi.

Mwisho kuna bili. Kama mtambo utauza umeme kwa gridi, gharama ya fueli huingia kwenye bei anayolipa kila mteja. Ipo kwenye mchanganuo wa tokeni unazonunua kila wiki. Kama mtambo utahudumia kituo cha data peke yake, gharama hiyo ni ya mwenyewe. Ulizeni ni lipi kati ya hayo mawili. Ulizeni pia ajira ni ngapi baada ya ujenzi kwisha, kwa kuwa kituo cha data huhitaji wajenzi wengi na baadaye wafanyakazi wachache sana kulinganisha na ukubwa wake.

Lamu ilitufundisha kuhesabu mikutano

Kesi inayowafaa Wakenya wote kuijua ni ya Lamu. Kampuni ya Amu Power ilipanga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na Septemba 2016 NEMA ikaupa leseni. Shirika la wakazi la Save Lamu pamoja na wakazi wengine walikata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likafuta leseni.

Sababu yake kubwa si kwamba makaa ya mawe ni mabaya. Mikutano ilikuwa imefanyika. Lakini ile iliyothibitishwa ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla ya utafiti wa athari kukamilika. Baada ya utafiti, watu hawakurudiwa ili waelezwe kilichopatikana: athari ni zipi, zitapunguzwaje. Jopo lililinganisha ushirikishwaji wa umma na oksijeni inayoupa utafiti huo uhai. Likaona pia kwamba suala la mabadiliko ya tabianchi halikushughulikiwa inavyotakiwa. Oktoba 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi iliikataa rufaa ya kampuni.

Kwa hiyo mtu akija na projekta na soda, akauonyesha mradi kwa picha nzuri na kusema utafiti utafuata, huo ni utangulizi. Hudhurieni, lakini msiuhesabu kama mashauriano yenyewe. Na sahihi mnayotia kwenye orodha ya mahudhurio inaonyesha kwamba mlikuwepo, basi. Haisemi mlikubali. Mimi huandika juu kabisa ya karatasi "mahudhurio tu" pale ninapoona kichwa chake hakieleweki, na sijawahi kukatazwa.

Kisa cha Mtwara, kusini mwa Tanzania, kina funzo tofauti. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, maandamano dhidi ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam yaligeuka ghasia. Watu walikufa na majengo yakachomwa. Watu wa Mtwara hawakuwa wakiikataa gesi. Waliuliza nini kitabaki kwao. Swali la mgao wa manufaa likikosa meza ya kujadiliwa, hutafuta barabara.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni wa kaunti yenyewe. Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa na kelele, na ya mipango ya maendeleo ikiwemo usambazaji wa umeme na gesi. Shamba la mahindi haliwezi kugeuzwa eneo la viwanda bila idhini ya upangaji. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, mwombaji anapaswa kuutangazia umma, na pingamizi hupelekwa kwa waziri wa kaunti anayehusika. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya maridhiano ya kaunti. Mlango huu wengi huupita bila kuuona, kwa sababu tangazo la kubadilisha matumizi ya shamba halitaji akili mnemba wala turbini. Hutaja namba ya ploti tu. Ukiona bango dogo limepigiliwa kwenye mti kando ya shamba kubwa, lisome.

Mlango wa pili ni NEMA, na ndio mpana zaidi. Kanuni za mwaka 2003 za utathmini wa athari kwa mazingira zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo karibu na eneo, atangaze kwenye gazeti la kitaifa kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na afanye angalau mikutano mitatu na wanaoathirika, kwa notisi ya wiki moja au zaidi. Lazima pia awepo mratibu wa kupokea na kurekodi maoni ya mdomo na ya maandishi pamoja na tafsiri zake. Maana yake mama wa Endebess anayejieleza vizuri kwa Kisabaot, au mzee wa Tongaren kwa Lubukusu, aseme kwa lugha yake na maneno yake yaandikwe. Kisha ripoti ikishafikishwa NEMA, hutolewa tangazo jingine linaloonyesha mahali pa kuisoma na siku ya mwisho ya kupeleka maoni. Kwa mujibu wa Sheria ya Mazingira ya 1999, muda huo hauzidi siku 60, na unaweza kuwa mfupi zaidi. Angalieni tarehe.

Mlango wa tatu ni EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, ambayo hutoa leseni ya kuzalisha umeme na hutangaza magazetini maombi yaliyopokelewa ili wenye pingamizi wajitokeze.

Ukinyimwa ripoti au mkataba, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kusoma na kuandika anapaswa kusaidiwa na ofisa. Ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu.

Maoni yaandikweje?

Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya BAT mwaka 2019, ilisema ushirikishwaji uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi tu. Haikusema kila maoni lazima yakubaliwe. Kwa hiyo "tunapinga" peke yake, au "tunaunga mkono" peke yake, husomwa na kuwekwa kando. Kinachomlazimu ofisa ajibu ni jambo mahususi.

Mfano: "Naishi mita 600 kutoka eneo lililotajwa. Nina kisima kinachotumiwa na nyumba tisa. Ripoti inasema maji yatatoka ardhini lakini haisemi ni kiasi gani kwa siku wala kina cha visima vya jirani hakikupimwa. Naomba kipimwe kabla ya leseni." Mistari minne, na mtaalamu hawezi kuiruka. Kijana anayetaka mradi aandike vivyo hivyo: nafasi ngapi za kazi, za ujuzi gani, na kama chuo cha kiufundi cha hapa kitapewa mafunzo kabla ya ujenzi, jambo hilo liwe sharti la kuandikwa wala lisibaki ahadi ya jukwaani.

Maoni yapelekwe yakiwa nakala mbili. Moja hubaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Asiyeweza kufika ofisi ya NEMA mjini Kitale au Bungoma amwone msimamizi wa wadi yake kwa maelekezo. Jirani wa kaunti ya pili asizuiliwe kwa sababu ya mpaka. Sheria inamsikiliza anayeathirika, na moshi ukivuka Kamukuywa haujui umeingia kaunti gani.

Leseni ikitolewa nawe hukuridhika, rufaa hupelekwa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Utakapofika huko, utakachoulizwa mapema ni kama ulitoa maoni yako mradi ulipotangazwa, na nakala yenye muhuri iko wapi.